Barabara Iliyofutwa na Pasi

Kabla ya kujiandikisha kwenye lile darasa la kudarizi la Jumamosi nilikuwa nimeshika sindano kwa miaka 11, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuchora hata jani moja mwenyewe. Nilikuwa mtu wa mshono wa msalaba. Unanunua kitambaa cha aida, kile chenye matundu yaliyopangwa kama wavu, 14 kwa kila inchi. Unanunua na karatasi yake ya vijimraba na alama. Kisha unahesabu, unachoma, unahesabu tena. Ukiruka tundu moja leo, keshokutwa ndipo utagundua kwamba bawa la ndege limehama mwilini. Nilipenda hesabu ile. Na nilijivunia kitu kimoja kuliko vyote: upande wa nyuma wa kazi zangu. Hakuna fundo, hakuna uzi unaokatiza kutoka ua hadi ua, mikia yote imefichwa chini ya mishono. Mtu akisifu mbele, mimi nageuza kumwonyesha nyuma, kama mwenye nyumba anayewainamisha wageni waone alivyofagia uvunguni.

Darasa lilikuwa la wiki nane. Tulikuwa watu tisa tumezunguka meza mbili ndefu zilizounganishwa, na mwalimu alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine imesukumwa juu kwenye nywele, na alizibadilisha bila kuangalia.

Wiki ya kwanza alitufundisha kushika uzi. Nilinuna. Mimi wa miaka 11? Lakini alianza na jambo ambalo sikuwa nalifanya. Uzi wa pamba wa kudarizi ni nyuzi sita nyembamba zilizokaa pamoja, na mimi siku zote nilikuwa nachomoa mbili kwa mkupuo na kuendelea na safari. Yeye akataka tuchomoe mmoja mmoja, tuulaze mezani, kisha tuziunganishe upya mbili au tatu. Nikafanya kwa shingo upande. Mshono ukalala bapa, umejaa, unang'aa. Kisha akapima uzi wangu kwa mkono wake: mwisho ni kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, kama sentimita 45, kwa sababu kila unapopita kwenye kitambaa unasuguliwa, na pale penye tundu la sindano ndipo unapochakaa zaidi. Wangu ulikuwa unanifika begani. Nilikuwa nakata mrefu nisisumbuke kutunga sindano kila mara.

Siku hiyohiyo aligawa kalamu za kuchorea michoro juu ya kitambaa, akaeleza namna ya kuzitumia. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa bado nauguza mambo ya uzi, na tena, kalamu ya nini kwangu mimi mtu wa kuhesabu matundu?

Wiki ya pili tulipitia mishono ya msingi: bandi, mshono wa kurudi nyuma, mnyororo, kikonyo, fundo la Kifaransa. Majina kila mtu alikuwa na yake, tukawa tunaelewana kwa vidole. Fundo la Kifaransa lilinitoa jasho, sina haja ya kuficha. Unazungusha uzi mara mbili kwenye sindano, unaurudisha chini hatua moja pembeni ya pale ulipotokea, na mkono wa kushoto usilegeze uzi hata kidogo. Ukirudi kwenye tundu lilelile, fundo linapita lote upande wa pili na kukuacha unakodolea macho kitambaa kitupu.

Jirani yangu mezani alikuwa mzee aliyestaafu udereva wa malori. Vidole vyake vilikuwa vinene kiasi kwamba sindano namba 9 ilipotelea katikati yake, mwalimu akambadilishia namba 3, maana kwenye sindano za kudarizi namba ikipanda sindano inapungua. Alipoulizwa kilichomleta alijibu, "Nyumbani kumejaa nyuzi, na mwenye nyuzi hayupo tena." Hakuna aliyeuliza la pili.

Kazi yake ilikuwa kipande cha kitani cha rangi ya mchanga, kama sentimita 40 kila upande. Alikuwa amechora humo barabara aliyoiendesha kwa miaka mingi, kama inavyoonekana na ndege angani: kona zake, madaraja, mahali pa kupimia mizigo, mlima uliokuwa ukimlazimisha kushuka hadi gia ya kwanza. Aliichora yote kwa kichwa, kwa ile kalamu ya darasani. Kwenye mshono, sasa, hapo ndipo nilipokuwa nageuza uso. Mishono yake ililewa. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umevutwa hadi kitani kikakunjamana. Nyuma yake kulikuwa kichaka.

Wiki ya tatu mwalimu alikuja na picha za kitambaa cha Bayeux, mji wa Ufaransa, kinachosimulia jinsi William wa Normandy alivyoiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa jina lake la Kiingereza, tapestry, yaani kitambaa cha kufumwa, watu wengi hukihesabu kuwa kazi ya kufuma. Kumbe ni darizi, nyuzi za sufu juu ya kitani, kwa urefu wa karibu mita 70 na upana wa nusu mita. Ni vipande tisa vilivyounganishwa. Mwalimu alitupitishia picha ya kiungo cha kwanza kabisa, akatutaka tutafute kosa. Mzee ndiye aliyeliona kabla yetu: mstari wa ukingo wa juu unafika kwenye kiungo na haukutani na mwenzake. Umepanda. "Hawa walianzia pande mbili," alisema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona barabara zikijengwa. Viungo vilivyofuata vilifanywa kwa ustadi zaidi hata kuvitambua ni kazi.

Kisha picha ya nyuma. Mwaka 1982 na 1983 kitambaa kile kilifunuliwa kichunguzwe, na upande wa nyuma ukapigwa picha: rangi zake hazikufifia kama za mbele, maana mwanga haukuzifikia. Mimi nilikuwa natafuta mafundo. Mwalimu aliniona.

"Hayo mengine tuyaache," alisema. "Kazi hii ilipita kwenye mikono mingi na hakuna anayejua nani alishona wapi. Leo mnabadilishana. Kila mmoja anachukua kazi ya jirani yake, anaendelea nayo wiki nzima. Masharti mawili. Hufumui ulichokikuta. Na humpigii mwenzako simu kumuuliza."

Nikamkabidhi mzee duara langu la majani, nililolinakili mstari kwa mstari kutoka kwenye mchoro wa mtu mwingine, maana kuchora bado kulinishinda. Aliupokea mduara ule kwa viganja viwili, kama mtu aliyepewa yai. Naye akanipa barabara yake, imekunjwa mara nne, mikunjo imekaa kama makovu.

Mimi sianzi kazi kwenye kitambaa kilichokunjamana. Jioni ile nikatandika taulo mezani, nikalaza kitani kifudifudi ili mishono izame kwenye taulo isibapuke, nikapitisha pasi upande wa nyuma. Pasi ya moto, kwa kuwa kitani hakielewi lugha ya uvuguvugu. Kila nilichofanya kilikuwa sahihi, kama ungenisimamia ungenipa alama zote. Mikunjo ikaisha. Nikageuza.

Kulikuwa na sentimita kama 15 za mishono iliyolewa, ikitoka kona ya chini, halafu basi. Kitani kitupu. Mlima hakuna, madaraja hakuna. Barabara ilifika mahali ikaacha tu kuwepo.

Nilikiinua kwenye taa. Nikakigeuza tena, kana kwamba huenda imehamia nyuma. Ndipo maneno ya wiki ya kwanza yaliponirudia, moja baada ya jingine, wakati hayana faida: kuna kalamu mbili. Ile ya bluu hutoka kwa maji baridi, na hiyo usithubutu kuipiga pasi kabla ya kuiosha, alama itaganda kitambaani. Hii nyingine hufutika kwa joto. Ukimaliza kudarizi ndipo unapitisha pasi na mistari inaondoka. Ukimaliza.

Nikachukua penseli niirudishie mwenyewe. Nilikuwa nimekaa jirani na mchoro ule Jumamosi mbili nzima. Kona ya kwanza inaenda kushoto au kulia? Sikujua. Nilikuwa nimetazama mishono yake mibaya tu, barabara sikuiona kamwe. Penseli ikabaki hewani. Nakiri pia kwamba kwa dakika chache nilitunga uongo, kitu kuhusu mtoto na maji ya moto, na mimi sina mtoto.

Nikampigia mwalimu. Sharti lilikataza kumpigia mwenzako, yeye halikumtaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kukawa kimya, kisha akauliza, "Una friza?"

Wino ule, alinieleza, hauondoki kitambaani. Unapoteza rangi tu ukifika nyuzi joto 60 hivi (lugha yetu nayo, hata joto inalipima kwa nyuzi), na ukipoa chini ya sifuri kwa nyuzi 10 au zaidi, rangi inarudi. Ndiyo maana yeye haitumii kalamu ile kwenye kazi ya kuuza: kitambaa kikisafiri kwenye baridi kali, mistari iliyofutwa inaweza kuibuka katikati ya maua. "Kitie kwenye mfuko wa plastiki, ukifunge, ulale."

Sikulala sana. Alfajiri nilifungua friza, nikatoa mfuko uliokakamaa, nikautandaza mezani.

Barabara ilikuwa imerudi. Tatizo ni kwamba zilirudi zote. Mzee, wakati akichora kwa kichwa, alikuwa amekosea na kufuta, akakosea na kufuta, na baridi haikujua ipi alikuwa ameikubali. Pale ilipokuwapo njia moja sasa zilikuwapo nne, zote zimepauka sawasawa, zinaachana, zinavukana, moja imekwenda kukatikia hewani karibu na ukingo. Sehemu ya katikati haikurudi vizuri, ilikuwa kama moshi.

Nilikaa mbele ya kitani kile siku tatu. Hakuna vijimraba, hakuna alama, hakuna wa kumuuliza. Jumatano usiku nikachomoa uzi mmoja, mmoja tu, wa kijivu, ili nikikosea usipige kelele, nikaanza pale mishono yake ilipokomea. Nikaichagua njia ya nje kabisa, ile inayozunguka mbali. Sababu? Ilikuwa na kona nzuri. Mkono ulitetemeka kwa dakika kumi za kwanza, kisha ukasahau. Nilishona mpaka saa saba, na nilipogeuza kuangalia nyuma nilikuta uzi umekatiza pale nilipoufuata mlima. Nikauacha.

Jumamosi nilimweleza kabla hajaketi. Pasi, friza, vyote. Mzee alisikiliza huku akikitazama kitani kwa muda mrefu, kidole chake kikitembea juu ya mstari wangu wa kijivu.

"Hii nilishaifuta," alisema.

"Nisamehe, mzee. Sikujua ipi ni ipi."

"Hii ndiyo njia ya zamani. Kabla ya daraja. Ilikuwa inatuzungusha siku nzima." Akakihamisha kidole. "Hii nilikosea kweli, hapa hapana njia. Na hii…" Ile iliyokatikia hewani. "Hii sikuwahi kuipita. Mama alikuwa akisema siku moja tupite huko tuone inatokea wapi." Nilichukua muda kuelewa kwamba mama aliyemsema ni mkewe.

Akatoa kazi yangu mfukoni. Kwenye duara la majani 12 yaliyofanana kama yamepigwa chapa, palikuwa na la 13, limelegea, limeinama, la kijani ambacho sikuwa nacho nyumbani. Nikaligeuza, mkono ulishazoea. Fundo kama punje ya choroko.

"Nyuma nilijitahidi, mwanangu," alisema. "Fundo likakataa."

Mwalimu alitaka kila mtu arudishiwe kazi yake, zoezi limekwisha. Mzee hakurudisha kitani mbele yake. Alikisogeza katikati yetu, akatunga ile sindano yake nene kwa jaribio la nne, akanionyesha njia iliyokatikia hewani.

"Wewe anzia huko mwisho. Mimi naanzia huku."

Fremu haikutosha mikono minne, tukaiweka pembeni. Yeye akashika kona yake, mimi yangu, tukakivuta kitani kati yetu na kushona bila kusema, yeye kwa nyuzi tatu, mimi kwa mbili. Katikati, pale penye moshi, kila mmoja alikisia. Wenzetu walishaanza kukunja vitambaa vyao tulipofikiana. Mstari wake ulikuwa juu ya wangu kwa upana wa mshono mzima.

Mwalimu alipita nyuma yetu, akashusha miwani ya kichwani, akainama kuangalia pale, akaipandisha tena na kwenda kuchomoa pasi ukutani.