Samli ya njano, mafuta meupe

Ng'ombe na mbuzi wa nyumbani kwetu wanachungwa pamoja, lakini samli ya ng'ombe inatoka na umanjano na mafuta ya mbuzi yanaganda meupe pe. Jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima.

Majani mabichi yana karotini, rangi ile ile ya karoti. Si ng'ombe wala mbuzi anayeweza kuitengeneza mwilini. Wote wanaipata kwa kula. Wanapoachana ni utumboni. Mbuzi huigeuza karibu yote kuwa vitamini A pale pale kwenye ukuta wa utumbo, isibaki ya kwenda kwenye maziwa. Ng'ombe huiachia nyingine ipite kama ilivyo. Basi weupe wa maziwa ya mbuzi si umaskini: vitamini imo, rangi ndiyo haimo.

Rangi hizi hazikubali maji. Bila mafuta kwenye chakula, na nyongo ya kuyasambaratisha, nyingi hutoka na kinyesi. (Waliotufundisha kuunga mchicha kwa tui la nazi walijua walifanyalo.) Zikishavuka utumbo, damu nayo ni maji, kwa hiyo husafirishwa ndani ya chembe za mafuta zilizovikwa protini, zile zile zinazobeba kolesteroli.

Anayenifurahisha zaidi ni kuku. Kwake rangi kubwa ni luteini, ya majani na mahindi ya njano. Kuku wa miguu meupe ana kimeng'enya kinachoivunja rangi hiyo ngozini; kwa wa miguu ya njano kimeng'enya hicho kimezimwa ngozini. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba urithi huo wa njano haukutoka kwa kuku mwitu mwekundu, babu mkuu wa kuku wetu, bali kwa kuku mwitu wa kijivu wa India. Na tetea wa miguu ya njano akitaga mfululizo, miguu hupauka, maana luteini inayoingia inakwenda kwenye kiini cha yai. Mfugaji mzoefu hutazama miguu na mdomo akajua nani anataga na nani anakula bure.

Kwa hiyo muuza mayai akininadia kwamba kiini cha njano iliyokolea kina vitamini A zaidi, nitanunua, lakini si kwa sababu hiyo. Luteini haigeuki vitamini A. Njano ile inaniambia tu kuku alikula nini.