Nenda Kwake Kwanza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Mathayo 18:15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo."

Sisi wa huku Mbeya tunajisifia upole. Mtu anakupunja hela ya viazi, unamwambia "haina shida", mnaagana vizuri kabisa. Kisha unapita sokoni Mwanjelwa, unamsimulia mama mmoja. Jioni unamsimulia shemeji. Habari ikifika Uyole imekuwa lumbesa, imejazwa mpaka imepita mdomo wa gunia. Aliyepunguza elfu kumi ameshakuwa mwizi, na yeye mwenyewe hana habari. Anashangaa tu kwa nini salamu zake haziitikiwi.

Waumini tunayo njia mbaya zaidi: tunalipeleka kwenye maombi. "Tumwombee ndugu fulani, uaminifu unamsumbua." Tukifika amina, jumuiya nzima imeshajua. Afadhali hata yule wa sokoni, hakumshirikisha Mungu katika umbeya wake.

Bwana hakusema tukutane wawili ili dhambi ifichwe. Mtu akionywa faraghani anaweza kukiri. Mbele za watu atapigania heshima yake. Tena tazama mstari huu umekaa wapi. Juu yake kuna kondoo mmoja kati ya mia anayetafutwa milimani, chini yake Petro anauliza asamehe mara ngapi. Basi safari hii ni ya kumtafuta ndugu. Kama unakwenda kushinda kesi, baki nyumbani ule ugali wako.

Wazee wa Unyakyusa hawakuwa wageni wa jambo hili. Watafiti walioishi Rungwe miaka ya 1930 waliandika kwamba hasira iliyofichwa moyoni kati ya ndugu iliaminika kuleta ugonjwa. Waliogombana walitakiwa kuitamka, na walipuliza maji kinywani kuonyesha kwamba imetoka. Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na nadhani hawakuhitaji kumfundisha mtu huku kwamba kinyongo ni hatari. Kigumu ni nani aanze. Hapa Yesu anamtuma aliyekosewa. Katika Mathayo 5:23-24 anamtuma aliyekosa, aache hata sadaka yake madhabahuni. Hakuna aliyebakiziwa nafasi ya kukaa akisubiri.

Simzungumzii mama anayepigwa nyumbani, wala mtoto aliyeumizwa na mtu mzima. Hao tusiwatume peke yao kwa aliyewadhuru, tukawabebesha na mstari wa Biblia. Wasindikizwe kwenye dawati la jinsia polisi, na kanisa lisimame nao.

Kwa haya mengine ya kila siku, nenda. Usianze na "watu wanasema". Taja jambo lenyewe: "Ndugu yangu, ile hela ya viazi ilipungua elfu kumi, na imeniuma." Halafu nyamaza, umsikilize. Huenda dalali alimkata naye akaona aibu kukuambia. Huenda pia ni kweli alikupunja. Akikataa kusikia, mstari wa 16 unakuruhusu kurudi na mmoja au wawili. Si kundi la WhatsApp.

Jumapili hii tuna Meza ya Bwana. Leo ni Jumatano, na wengi wa tunaopaswa kuwaendea na neno hili wanakaa mtaa huu huu.