Nilivyolisoma daftari la askofu kwa msaada wa pombe na mvua

Wanaosema mwandiko wa kale wa Wajerumani ni kazi ya maprofesa, waje waniulize mimi, seremala mstaafu.

Sanduku lilitoka stoo ya nyumba ya mapadre, kamati yetu ya jubilei ikitafuta historia ya parokia (mimi katibu, kwa sababu nina miwani). Ndani mlikuwa na rozari iliyokatika, stakabadhi, barua zilizotafunwa na mchwa, na daftari la safari la askofu mmoja Mbenediktini. Ni wa kizazi kilichokuja baada ya Askofu Cassian Spiss, yule aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 na kuuawa Mikukuyumbu tarehe 14 Agosti 1905, Maji Maji ikiwa na wiki chache tu. Jina la huyu wetu silitaji. Karatasi ni za jimbo, si zangu, na hata kuzigusa nilianza kwa kumwomba paroko.

Kijerumani ninacho, cha karakana, nilichookota kwa bruda aliyenifundisha kushika randa. Nikafungua daftari kwa mbwembwe mbele ya wanakamati. Sikuona neno hata moja. Fimbo tupu, kama ua wa mabua uliolazwa na upepo.

Ushauri ukamiminika. Mwenye duka la fotokopi akataka kila ukurasa tuuzibe kwenye plastiki ya moto "udumu milele". Hapana! Plastiki ile ikishagandamana na karatasi, ndiyo basi tena. Kijana wa Kijerumani aliyekuja kujitolea akaligeuza daftari juu chini, akasema pengine ni Kilatini. Simlaumu, shule za kwao ziliuacha mwandiko huo mwaka 1941. Simu ilipopiga picha ikanitafsiria kitu kuhusu sabuni na Jumanne.

Aliyenichosha kuliko wote ni msomi mmoja aliyesema kwa uhakika kabisa: "Mzee, huo ni mwandiko wa Sütterlin, chapisha jedwali la herufi zake ujifunze." Nikachapisha. Elfu kumi na kitu ikaondoka, na wiki tatu nikawa naandika herufi kama mtoto wa chekechea, wajukuu wakinicheka. Baadaye ndipo nikajua kuwa Sütterlin iliingia shule za Prussia mwaka 1915. Askofu wangu wakati huo alishafuga ndevu! Yeye alifundishwa Kurrent, ile ya zamani, iliyolala na yenye ncha kali. Ni ndugu, lakini ukimfuata mmoja kwa sura ya mwenzake utaingia nyumba siyo.

Ufunguo ulikuwa mbele ya macho muda wote. Waandishi wa Kurrent walikuwa na desturi: jina au neno la kigeni waliliandika kwa herufi za Kirumi, hizi zetu. Kwa hiyo katikati ya yale mabua mlisimama "pombe", peupe kabisa, na kando yake kwenye mabano vijifimbo vichache. Askofu alikuwa akijifafanulia! Pombe kwa Kijerumani ni Bier. Basi nimepata B, i, e, r. Nikaruka hadi "mvua". Regen. Hapo ndipo nilipogundua kwamba e yao ni vijiti viwili vilivyobanana, na n ni vijiti viwili vilivyoachana kidogo. U ni n ile ile iliyovikwa kikofia. "Kuni" ikanipa Holz. "Kiboko", Mungu ambariki, ikanipa Flußpferd, herufi nyingi kwa mkupuo mmoja. Yule kijana wa Ujerumani asingeweza, maana hajui mvua ni nini. Mimi najua.

Usiku nilifunga daftari saa nane. Mama watoto akadhani naandika wosia.

Kitu kingine: soma mchana, karibu na dirisha, lakini usianike karatasi juani hata kama zinanuka ukungu. Pini zenye kutu zitoe kwa kisu butu, polepole. Na anza na kurasa za matumizi, si za sala, kwa sababu tarakimu zinasomeka na chumvi ni chumvi.

Sasa, babu yetu alikuwa mpishi wa safari wa askofu huyo. Ukoo mzima umelelewa na hadithi ya usiku ambao babu alimkabili chui kwa kijinga cha moto akamwokoa baba askofu. Nikautafuta usiku huo miezi miwili. Nikaukuta: "chui", kwa herufi za Kirumi, na jina la babu mstari unaofuata. Nikasoma kijiti kwa kijiti. Wote walipanda mti, ameandika askofu, halafu mkato, halafu maneno matatu: der Koch zuerst. Mpishi akiwa wa kwanza.

Shangazi ameomba ukurasa huo usisomwe siku ya jubilei.