Kabla ya kuchagua ndege, pima lifti

Mnaobuni jeshi la majini la kufikirika la miaka ya 1930, msianze na kasi ya ndege. Anzeni na lifti ya manowari ya kubebea ndege, ile inayozishusha ghalani na kuzipandisha sitahani. Fairey Swordfish, ndege ya Uingereza iliyoingia kazini 1936, ilikuwa na mbawa zenye upana wa karibu mita 13.9 kutoka ncha hadi ncha; zikikunjwa, upana ulibaki mita 5.3 hivi, na ghala la chini ya sitaha lilipokea ndege nyingi zaidi. Na bado ilibeba topedo, bomu linalojiendesha majini, ya zaidi ya kilo 700!

Injini iwe ya kupozwa kwa hewa: hakuna rejeta ya kuvuja. Kulabu ya kutua, inayonasa waya wa sitahani ili ndege isimame, ifungwe kwenye fremu imara, la sivyo waya utang'oa mkia. Chumvi nayo hula alumini haraka, hasa inapogusana na bolti za chuma.