Shifta Ungempa Saa

Baba alituahidi twiga. Mtu wa Malindi hakosi kumjua yule twiga aliyetoka kwetu akapelekwa China mwaka 1415, na Baba alikuwa hamalizi wiki bila kumtaja. Alisema jamaa zake wamejaa tele njia ya Witu, tutachoka wenyewe kuwahesabu. Hatukumwona hata mmoja.

Ilikuwa mwaka 1998, tunakwenda Lamu kwenye Maulidi, na shuleni tulikuwa tumeombewa ruhusa. Mvua za El Niño zilikuwa zimekatika lakini bonde la mto Tana lilikuwa halijakauka. Madimbwi yalifika hadi kando ya barabara, na barabara yenyewe baada ya Minjila ilikuwa udongo mtupu, shimo juu ya shimo. Gari tuliazimwa na ami yangu, Peugeot 504 ya viti vilivyochanika na dirisha la nyuma lisiloshuka. Baba ndiye aliyetia mafuta, na njia nzima alituuliza kama tunajua lita moja inauzwaje. Juu kwenye keria palifungwa godoro, mikeka na gunia la nazi, utadhani Lamu hakuna minazi. Ndani tulibanana Mama, Bibi mzaa mama, dada yangu, mimi, na mdogo wetu aliyekuwa akipakatwa kwa zamu. Zamu yangu ndiyo aliyotapika.

Kutoka Malindi hadi Garsen sina la kusimulia. Nililala.

Siku hizo njia ile ikiogopwa kwa sababu ya shifta, majambazi wa bunduki. Mabasi yalikwenda kwa msafara, na askari wenye bunduki ndani. Tulipofika tukaambiwa msafara umeshaondoka. Mama akasema tulale Garsen. Baba akasema gesti za Garsen zina kunguni na bei ya hoteli ya ufukweni, na msafara tutaufikia Gamba. Tukaipita Gamba jua likizama, hatujaona hata vumbi la basi. Mbele kidogo gurudumu la nyuma likapasuka.

Baba akashuka na jeki na spana. Mama akavua bangili zake za dhahabu moja moja, akazididimiza ndani ya bakuli la halwa tuliyowachukulia wenyeji wetu, akasawazisha juu kwa kijiko. (Halwa ile ililiwa Lamu ikasifiwa sana.) Bibi alikuwa ameshaanza Yasini.

Gurudumu bovu lilikuwa limetoka, zima limelazwa chini, gari limekaa juu ya jeki, ndipo majani yakalia upande wa kulia. Haukuwa upepo. Baba akazima tochi. Mama akatusukuma vichwa chini ya viti. Nikamsikia Baba akitoa salamu gizani, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia nyumbani:

"Asalaam aleikum, ndugu zangu."

Kimya.

"Sisi ni wasafiri tu, tuna watoto na mtu mzima. Saa ninayo. Pesa zipo kidogo. Chukueni kwa heri."

Kilichojibu ni pumzi moja nzito, ya puani. Kisha likatokea dubwana lenyewe, taratibu, halina haraka wala habari na mtu. Mbalamwezi ilitosha. Dada yangu ndiye aliyesema, "Kiboko!" Nilichosikia baada ya hapo ni vishindo juu ya paa na nazi zikigongana: Baba yuko keria.

Mama akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, si shifta."

Bibi akakatisha kisomo. "Wee, mwanangu! Shifta ungempa saa. Huyu utampani?"

Bibi ni mzaliwa wa Amu, ndiyo Lamu yenyewe, na ndugu zake walilima bara, kwa hiyo kiboko alimjua kwa hasara zake. Akatuambia tusipige kelele, tusiwashe taa, na tumwombe Mungu lile dimbwi la upande wa kushoto lisiwe lake. "Tumemkatia ndia ya maji. Na ndia hii ina wenyewe."

Mwenyewe hakuonekana kukasirika. Alikula. Hilo ndilo lililobaki masikioni mwangu: midomo ile mipana ikibana majani na kuyang'oa, kwaru, kwaru, hatua moja, kwaru. Alikuja karibu hadi nikaona matope yaliyomkaukia begani na wekundu chini ya jicho. Akalinusa gurudumu letu zima. Akageuka, akatupa mgongo, na mkia ukaanza kuzunguka kama pangaboi. Alichokitoa kilirushwa kwenye gurudumu, kwenye jeki, kwenye bamba la gari na kwenye lile dirisha lisiloshuka, ambalo safari hii tulilishukuru. Paani Baba alikohoa mara moja tu.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Mdogo wangu alilala. Mimi nilibanwa na haja, nikaruhusiwa kutumia chupa ya chai.

Kilichotuokoa ni lori la ng'ombe lililotokea Witu. Taa zake zilipompiga, kiboko alivuka barabara mbele ya boneti yetu, kwa mbio ambazo mwili ule hauzistahili, akatumbukia kwenye dimbwi lile lile la kushoto. Utingo akamsaidia Baba kukaza nati, huku ameziba pua, kisha akadai pesa ambayo mjini ungeziba pancha za mwezi mzima. Baba alilipa bila neno. Tukalala Witu kwa jamaa. Asubuhi, kwenye gati ya Mokowe, nahodha wa boti akatupandishia nauli kwa sababu ni msimu wa Maulidi, na hapo ndipo Baba alipopata mtu wa kumgombeza.

Maulidi yalifana. Matari, ziara, mbio za punda.

Njia ile sasa ina lami, nami nimeipita kwa basi. Nauli si haba, na vizuizi vya askari havihesabiki: shuka, onyesha kitambulisho, panda, shuka tena. Tulipopita Gamba nilimwuliza abiria jirani yangu, Mpokomo, kama viboko bado wapo. Akacheka kwa kuguna. Kwao kiboko ni mpunga wa msimu mzima kuliwa usiku mmoja, ni kukesha shambani na debe la kupiga kelele, na kusubiri fidia.

Sisi Malindi tulikua tukidhani wanyama ni wa wageni. Alfajiri magari ya utalii yalipita na Wataliani wao kuelekea Tsavo, lango la Sala, nasi tukiyapungia mikono tukienda chuoni. Nina marafiki wa rika langu, watu wazima wenye watoto, ambao tembo wamemwona kwenye noti tu. Nikiwasimulia habari ya kiboko huniuliza tiketi ilikuwa shilingi ngapi.

Baba magoti yamemshinda, ngazi za msikiti hupanda kwa kushikwa mkono. Ukimwuliza atakwambia alipanda keria ile usiku ule kulinda nazi. Mama akisikia hapo huondoka sebuleni.