Jinsi nilivyopata picha safi ya chui milia Kanha

Siku mbili za kwanza katika hifadhi ya Kanha, India, picha zangu zilinivunja moyo. Nyasi zilitoka safi kabisa, lakini chui milia aliye nyuma yake amefifia. Nilidhani lenzi imeharibika.

Usiku nilizikuza kwenye kompyuta, nikaona kosa. Kamera ilikuwa ikichagua yenyewe mahali pa kulenga, na kila mara ilishika kilicho karibu: bua la nyasi, ufito wa mwanzi. Nikazima uchaguzi huo, nikabakiza nukta moja tu niielekeze kwenye jicho la mnyama.

Tatizo la pili lilikuwa mwanga. Alfajiri chini ya miti ya sal bado ni gizagiza, na spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ilikuwa inashuka hadi 1/60 ya sekunde, hivyo mtikisiko wowote uliharibu picha. Nikaizuia isipungue 1/500, nikaacha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ipande mpaka 3200. Chembechembe zinaonekana, ndiyo, lakini picha ya hivyo inatazamika. Iliyotikisika haina dawa. Lenzi nikailaza juu ya kifuko cha maharage ukingoni mwa gari, na dereva akazima injini.

Asubuhi ya tatu, nyani langur alikohoa juu ya mti. Kisha swala wenye madoa wakalia kwa sauti kali, wote wakikodolea upande mmoja. Tukajua wanaonyana hatari, tukangoja kimya dakika 20. Chui milia jike akatoka kwenye mianzi taratibu, umande ukiwa bado usoni. Nikalenga jicho, nikabonyeza.

Kwenye picha ile sharubu zake zinahesabika.