Swali Ambalo Sikufundishwa Kuuliza

Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa mtu asiye na ukabila, na nilijivunia jambo hilo kama mtu anavyojivunia kitu alichokichuma kwa jasho lake. Nilikuwa nimefanya kazi na watu Dar es Salaam, nimekula nao, nimezika nao, bila kujua makabila yao, na kutojua huko nilikuchukua kuwa ushahidi wa moyo safi. Ilinibidi nivuke mpaka wa Namanga, kuingia Kenya, ndipo nikatambua kwamba moyo wangu haukuhusika sana.

Mimi ni Mpare wa Same. Mwaka 1991 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali mkoani Tabora, nikasafiri kwa basi hadi Morogoro na kutoka hapo kwa treni ya reli ya kati, nikiwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba. Hakuna aliyetueleza kwa nini mtoto wa Upareni apelekwe Unyamwezini ilhali Kilimanjaro kuna shule tele. Bwenini kwetu walikuwamo Wahaya wawili waliotoka kijiji kimoja, na wiki ya kwanza walizoea kuzungumza Kihaya usiku, kwa sauti ya chini, kama wafanyavyo watoto wanaokumbuka nyumbani. Hakuna mwalimu aliyewakemea. Tuliowakemea ni sisi wenzao: “Mnatusengenya? Semeni Kiswahili, hapa kila mtu kaacha kwao.” Likizo ya kwanza ilipofika walikuwa wameshaacha, na mimi niliyeyaona yaliyowapata sikuthubutu hata kumtafuta Mpare mwenzangu shuleni.

Nimelifikiria bweni lile mara nyingi, kwa sababu ndipo ninapoona jinsi jamii inavyomfinyanga mtu. Serikali ilikuwa imetuchanganya tu. Kazi iliyobaki tuliifanya wenyewe, kwa aibu ndogondogo za usiku, hadi kuuliza kabila la mtu kukawa utovu wa adabu kama kuuliza mshahara wake.

Wala haikuwa hulka ya Watanganyika tangu asili, ingawa tunapenda kusimuliana hivyo. Miaka ya 1920 Gavana Donald Cameron aliitawala Tanganyika kwa kupitia machifu, na pale ambapo kabila halikuwa na chifu wala mipaka inayoeleweka, vyote viwili vilitafutwa. Mwaka 1963, nchi ikiwa na umri wa miaka miwili tu, serikali ya Nyerere ikaufuta utawala wa machifu, na mwaka huohuo Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa, likawaweka vijana wa kila pembe katika kambi moja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule za msingi zilisomesha kwa Kiswahili, redio ya taifa haikutangaza kwa Kisukuma wala Kichaga, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 sheria ilikataza chama cha kabila au cha dini. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama ni Mgogo au Mmakonde. Tulisaidiwa pia na jiografia, jambo ambalo wasifu wa Mwalimu hulisahau: kabila kubwa kuliko yote, Wasukuma, liko mbali na Dar es Salaam, na hata lenyewe halifikii nusu ya wananchi.

Mwaka 2009 nilipata kazi Nairobi. Siku ya pili mwenzangu wa ofisini, mtu mkarimu aliyekuwa amenitafutia nyumba ya kupanga, aliniuliza jina langu la tatu. Majina yangu mawili yote yametoka kwenye Biblia, kwa hiyo hakuweza kujua anipange wapi. Niliona swali lake kuwa la kikabila na nikamhukumu kimoyomoyo. Nilichelewa kuelewa kwamba ghasia za uchaguzi wa 2007 zilikuwa zimeua watu zaidi ya elfu moja na kuwafukuza makwao mamia ya maelfu, na kwamba wakati ule kumjua jirani yako ni nani kulikuwa ni kujua pa kukimbilia. Kabla ya hapo kulikuwa na kipande, ambacho serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika akibebe kikiwa na jina la kabila lake, na kulikuwa na ardhi iliyogawanywa kwa makabila. Mwenzangu naye alikuwa na bweni lake, ila lake lilimfundisha kuuliza.

Lililonishtua lilitokea miezi ishirini baadaye. Niliwekewa mezani orodha ya watu kumi walioomba kazi, na kabla sijasoma elimu ya hata mmoja wao, nilikuwa nimeshawapanga kwa majina: huyu wa Nyeri, huyu wa Kisumu, huyu wa Kericho. Sikumbuki nilijifunza lini. Moyo ule niliodhani ni safi kwa asili yake ulikuwa umefuata mazingira mapya bila hata kuniaga, na nilichokiita msimamo kilikuwa ni mazoea ya mahali nilipolelewa.

Yupo aliyelipima jambo hili vizuri kuliko kumbukumbu zangu. Mwaka 2004 mwanauchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha makala yenye kulinganisha Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, kaskazini mwa Tanzania. Busia, penye Waluhya, Wajaluo na Wateso, maeneo yaliyochanganyika zaidi yalichanga kidogo zaidi kwa ajili ya shule za msingi. Meatu mchanganyiko wa makabila haukuwa na madhara hayo. Wanakijiji wa Meatu, kwa maoni yangu, hawana wema wa kuzaliwa nao kuwazidi wa Busia. Walifundishwa kwa muda mrefu kwamba shule ya kijiji ni yao wote, na waliokataa kuchanga waliaibishwa mbele ya wenzao.

Hata hivyo nisimsifu mno mfinyanzi huyu, yaani jamii iliyonilea, kwa sababu tu nilitoka mikononi mwake. Bibi yangu alizungumza Chasu, lugha yetu Wapare, maisha yake yote. Mimi nilikielewa utotoni na kukijibu kwa Kiswahili, na baada ya Tabora hata kukielewa kulipungua, hivi kwamba katika miaka yake ya mwisho tuliongea mambo mepesi tu: mvua, tangawizi, nani ameoa. Kabila lenyewe lilisalia katika utani, mlango pekee ulioachwa wazi. Mchaga ana ruhusa ya kuniambia hadharani kwamba Mpare atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, nami nina ruhusa ya kumwambia kwamba yeye akisikia sarafu ikidondoka huamka hata kaburini, na tunacheka. Nadhani tunacheka sana kwa kuwa hatuna mahali pengine pa kulitaja.

Mwaka jana binti yangu, aliyezaliwa Dar es Salaam, alirudi shuleni akaniuliza sisi ni kabila gani, maana rafiki yake alimwambia kuwa yeye ni mtani wake. “Sisi ni Watanzania,” nilimjibu, haraka na kwa ukali kidogo, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya lile bweni. Alisimama akisubiri jibu lenyewe. Nikamwambia kwamba yeye ni Mpare, na aliponiuliza Wapare wanasalimianaje asubuhi, nikachukua simu nikampigia dada yangu wa Same.